Jina la Mke Wako Liko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni afisa utumishi serikalini, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Moshi)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalohusu kazi yangu. Kazi yangu ni kushughulika na mafaili ya watumishi. Katika kila faili kuna karatasi moja ambayo wengi wetu huijaza upesi upesi, mguu mmoja ukiwa mlangoni. Ni fomu ya bima ya afya, hasa pale inapouliza jina la mwenza. Leo nataka tuizungumze hiyo.

Kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Katika hati ya mshahara kuna makato ya kodi ya mapato na kuna makato ya bima. Kodi hukatwa na mwajiri na kupelekwa Mamlaka ya Mapato, na haimuulizi mtumishi kama mkewe ana bima au hana. Nchi nyingine ni tofauti. Wenzetu walioko Kenya, wakilipia bima ya afya, yao wenyewe, ya mke au ya watoto, hupewa nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya walicholipa, isiyozidi shilingi 60,000 za Kenya kwa mwaka, nao huionyesha katika ritani. Walioko Marekani, tangu 2014, mtu akinunua bima kwa kusaidiwa na serikali, lazima aeleze habari hiyo katika ritani ya kodi. Na wanandoa kwa kawaida hutakiwa kujaza ritani moja ya pamoja, la sivyo wanaukosa msaada huo. Huko, mke akisahauliwa, ofisi ya kodi itauliza. Hapa kwetu hakuna atakayekuuliza, na ndiyo sababu ya hotuba hii.

Ndugu zangu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa mchango huo huo hutibiwa mwanachama, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne: jumla watu sita. Tufanye hesabu ndogo. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 hukatwa 30,000 kwa mwezi. Mwajiri huongeza 30,000. Kwa mwaka ni shilingi 720,000. Sasa sikilizeni vizuri: ukiandika majina sita unakatwa 30,000, ukiandika jina lako peke yako unakatwa 30,000 hiyo hiyo. Hakuna punguzo kwa aliyemsahau mkewe.

Nimewahi kuletewa faili la mtumishi mmoja, mtu mwema na mchapa kazi, aliyekuwa amekatwa bima kwa miaka kumi na minne. Mkewe aliugua, akahitaji kupasuliwa. Tulipofungua faili, mahali pa mwenza palikuwa na mstari mtupu. Alikuwa ameijaza fomu akiwa kijana asiye na mke, akaoa, akazaa watoto watatu, na fomu ikabaki kijana. Alilipa fedha taslimu. Ng'ombe wawili waliuzwa, na deni lililobaki alilichukua kwenye chama cha akiba na mikopo. Mke alipona, tunashukuru. Lakini yule bwana alikuwa amekwisha kulipia matibabu hayo kwa miaka kumi na minne, kisha akayalipia tena.

Kwa nini jambo hili linatupata sana sisi watu wa mlimani? Nimeona sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni desturi yetu ya kuishi. Mume yuko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Mke yuko kihambani, anatunza migomba, ng'ombe na wazee. Mume hurudi Desemba. Fomu hujazwa mjini, na aliyeko mjini hujikumbuka mwenyewe. Hospitali hatukosi: tuna Machame, Kibosho, Kilema, Huruma kule Rombo, na KCMC iliyofunguliwa 1971. Kwa wengi wetu shida si umbali wa hospitali, bali ni dirisha la malipo. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza 1993, hata katika hospitali za serikali dirisha hilo lipo.

Sababu ya pili ni ndoa yenyewe. Wengi tulioa kimila. Mbege ilinyweka, wazee wakakubaliana, ukoo mzima ukamjua mama huyo. Lakini fomu inataka cheti cha ndoa. Dirisha la hospitali halina habari ya mbege. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na inataka isajiliwe kama ndoa nyingine. Kwa hiyo njia ipo. Nenda kwa msajili wa ndoa wilayani pamoja na mkeo na mashahidi, mpate cheti. Hii si kuidharau mila, ni kuipatia karatasi yake.

Naomba basi tufanye mambo manne. Moja, Jumatatu ukirudi kazini omba kuona fomu yako kwa macho yako mwenyewe. Mbili, peleka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na usiondoke mpaka umeona majina yameingia. Tatu, kama mke naye ni mtumishi, yeye ni mwanachama kwa haki yake mwenyewe. Kaeni pamoja mgawane watoto na wazee katika fomu mbili badala ya kuwaandika hao hao mara mbili. Nne, toeni taarifa kila kinapotokea kifo, talaka au uzazi. Na msimwandike shemeji mahali pa mke. Huo ni udanganyifu, na siku ukigundulika utamwacha mke halisi bila kadi.

Kwenu vijana: mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo mambo haya hayatakuwa ya watumishi wa serikali tu. Yatamfikia mkulima, fundi na dereva. Hapa mnafundishwa kusoma swali mpaka mwisho kabla ya kujibu. Someni hivyo hivyo na fomu zenu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba anayelipiwa bila kuandikwa, kwenye daftari hayupo.

Ndugu Mwenyekiti, wenzangu watakaopenda kuuliza, nitakuwa chini ya mti ule karibu na bwalo baada ya chakula. Njooni na wake zenu, maana wao ndio wenye swali hili.