MVUA KUBWA NA THELUJI MLIMANI: TANGAZO HILI NI LETU PIA

(Maneno yaliyosomwa kwa wanachama katika mkutano wa tawi)



Mara nyingi redio inapotangaza hali ya hewa ya siku tano zijazo, twaizima na kusema kwamba hayo ni mambo ya wakulima. Leo twataka kuwaonyesha kwamba sivyo. Tangazo la mvua kubwa likitoka, mfanya kazi ni katika watu wa kwanza kuingia hatarini.

Idara ya Hali ya Hewa huhesabu mvua kwa milimita. Milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya kila mita ya mraba. Basi wakisema milimita 40 kwa siku, eka moja hupokea lita zaidi ya 160,000. Maji hayo hutafuta njia, na mtaro anaochimba kibarua ni njia iliyo tayari. Udongo ulioloa ni mzito, nao huporomoka bila kupiga hodi.

Tena tusitazame wingu la juu ya vichwa vyetu tu. Mvua ikinyesha sana Mlima Kenya na Nyandarua, Mto Tana waweza kufurika Garissa na Garsen huku jua linawaka. Kwa hiyo tusikilize habari za nchi nzima.

Ndugu madereva, tarehe 4 Desemba 2021 mwaikumbuka: huko Mwingi basi liliingia katika Mto Enziu uliofurika, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi wa Aprili 2024 maji yaliteremka Mai Mahiu usiku, watu wamelala, yakaua zaidi ya 40. Mzigo ukichelewa ni hasara ya siku moja. Dereva akipotea, ni hasara ya watoto wake maisha yao yote.

Na theluji je? Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Nanyuki ikiwa na nyuzi 15, kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, huwa chini ya sifuri, na mvua ya huku chini huko ni theluji. Mgeni hupanda na koti zito na viatu vizuri. Mpagazi wetu abebaye mzigo wake, mara nyingine hupanda na sweta moja na raba zilizotoboka. Twasema wazi: tangazo likitaja theluji, mpagazi asiye na nguo za baridi asipandishwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu. Mfanya kazi akiona hatari kubwa, amwarifu msimamizi wake mara moja. Na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa.

Lakini twajua neno lililo mioyoni mwenu: "Nisipoingia mtaroni, leo sili." Ni kweli, na kibarua wa kutwa ndiye anayeumia zaidi. Ndiyo sababu sheria peke yake haitoshi. Twaomba tawi likubali mambo matatu:

1. Kila mahali pa kazi achaguliwe mtu mmoja wa kusikiliza tangazo na kuwaambia wenzake asubuhi.

2. Hatari ipelekwe kwa msimamizi na wawili au watatu pamoja, wala si mtu mmoja peke yake, na iandikwe.

3. Katika mapatano yajayo tudai kwamba siku iliyozuiwa na mvua ilipwe, au watu wapewe kazi nyingine penye paa.

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tumepewa dalili siku tano mbele. Tukingoja mpaka tuloe, tutamlaumu nani?