Mwandishi wa Habari Anayewajua Majirani Zake

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za elimu za sharika)



Tumeombwa tueleze ni nini kinadaiwa kwa kijana anayetaka shahada ya kwanza ya uandishi wa habari pamoja na masomo ya tamaduni katika chuo kikuu cha Kikristo. Tunajua swali lililo nyuma ya ombi hilo: je, ni haki fedha ya sadaka isomeshe mwandishi wa habari, wakati zahanati inahitaji muuguzi na shule inahitaji mwalimu? Ni swali zuri. Jibu letu ni ndiyo, ila kwa sharti: kijana huyo asome vyote viwili, kazi ya habari na watu wanaoandikwa katika habari, na sisi tumtegemeze mpaka amalize.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Hapa Tanzania masharti ya chini huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na chuo cha kanisa hakiwezi kwenda chini yake. Mhitimu wa kidato cha sita wa mwaka 2016 na kuendelea anatakiwa awe amefaulu masomo mawili kwa kiwango cha prinsipali, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili anafika, na mwenye C na E pia anafika. Aliyepitia stashahada anatakiwa awe na wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Haya ni masharti ya chini tu. Chuo chenyewe kinaweza kudai zaidi, hasa katika Kiingereza. Kamati isome kitabu cha maelekezo cha TCU cha mwaka husika kabla ya kumwahidi kijana lolote.

Baada ya kuingia kuna krediti. Shahada ya miaka mitatu hapa kwetu haipungui krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Maana yake ni saa 3,600 za darasani, maktaba, studio na mazoezi, yaani saa 1,200 kila mwaka. Wafadhili wetu wa Marekani wasishangae wakiona kwao shahada ya miaka minne ina krediti 120 tu. Vipimo ni tofauti: krediti yao moja ina kazi nyingi zaidi. Asije mtu akafikiri kijana wetu amesoma mara tatu ya wenzake, wala kwamba amedanganywa.

Sasa ni nini kinajazwa katika saa hizo? Upande wa habari kuna kuandika na kuhariri, redio na televisheni, sheria za vyombo vya habari, maadili na utafiti. Upande wa tamaduni kuna elimu ya jamii na mila, lugha, dini za majirani zetu, na mawasiliano kati ya watu waliolelewa tofauti. Vyuo vingine hutoa upande huu kama shahada kamili, vingine huuweka kama kozi ndani ya shahada nyingine. Vyuo vya Kikristo huongeza Biblia na maadili ya Kikristo. Hapa ndipo wazazi wengi hutuuliza: mwandishi wa habari anahitaji mila za watu za nini?

Ndugu wapendwa, Arusha si mbali. Pale ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wa redio ya RTLM na mmoja wa gazeti la Kangura. Mmoja wa wale wa redio, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya udaktari na mwalimu wa chuo kikuu. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru. Tunajifunza nini? Kwamba shahada peke yake haimzuii mtu kumgeuza jirani yake kuwa adui hewani. Mtu anaweza kujua historia na kumiliki kipaza sauti, akakosa kumhesabu jirani kuwa mtu.

Tusidhani jambo hili ni la Rwanda tu. Lipo dogo dogo katika miradi yetu. Mgeni anafika kwenye boma la wafugaji, na kabla salamu hazijaisha anauliza: una ng'ombe wangapi? Wafugaji wengi hawapendi kuulizwa idadi ya mifugo yao. Mzee atatabasamu, atataja namba yoyote, na namba hiyo itaingia kwenye taarifa ya mradi. Mwandishi aliyesoma tamaduni angekaa kwanza, angeuliza habari za malisho na maji, na angepata ukweli bila kumwudhi mwenye boma.

Fikirini pia lugha ya ugonjwa. Mitaani watu walisema mwenye virusi vya UKIMWI "amekanyaga miwaya" au "ana ngoma". Mwandishi akiyaleta maneno hayo redioni, amemtenga mgonjwa mbele ya kijiji kizima. Tena iko Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya hali ya afya ya mtu, na iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wafadhili wetu, hili linawahusu nanyi. Picha ya mtoto aliyedhoofika huleta fedha haraka. Lakini mtoto yule atakua, atasoma, na siku moja ataiona picha ile. Mwandishi aliyeandaliwa vizuri atamwuliza mzazi kwanza, na akikataliwa atafunga kamera yake. Tunaomba msitudai picha za namna ile.

Vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza ni cha ndugu zetu Wakatoliki. Chuo Kikuu cha Iringa, kilichokuwa chuo kishiriki cha Tumaini, ni cha Kilutheri. Ng'ambo ya mpaka kuna Daystar ya Kenya, iliyoanza mwaka 1964 huko Bulawayo kama kazi ya uchapishaji, ikahamia Nairobi, na mwaka 1994 ikapata hati ya chuo kikuu. Watu wa Daystar walianza na swali la kama msomaji Mwafrika anaelewa kinachochapishwa, na chuo kikakua kutoka katika kazi hiyo. Kanisa lenyewe lilizaliwa hivyo: siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao.

Sasa tugeukie wajibu wetu. Tunaziomba kamati mambo manne.

Kwanza, hakikisheni chuo na programu yenyewe vimetambuliwa na TCU. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na cheti kisichotambulika kitamwacha kijana mlangoni.

Pili, pangeni bajeti ya miaka yote, si ada ya mwaka wa kwanza tu. Saa 1,200 zikilipiwa na 2,400 zisilipiwe, hakuna shahada.

Tatu, wekeni fungu la mafunzo kwa vitendo: nauli, chumba, chakula na kinasa sauti. Ada haigharimii haya, na hapa ndipo vijana wa familia maskini hukwama.

Nne, msimrudishe kijana afanye mazoezi nyumbani kwao. Mpelekeni mahali ambapo hajui kusalimia, akae na wenyeji, ajifunze lugha yao. Mtoto wa mlimani aende kwa wafugaji, na mtoto wa bara aende Pwani kwa majirani zetu Waislamu.

Muuguzi na mwalimu tutaendelea kuwasomesha. Lakini redio na simu zimeshafika katika kila kijiji chetu, na sauti fulani itasikika humo hata tukikaa kimya. Tuisomeshe sauti inayowajua majirani zake.