Nusu ya Saa za Kazi na Mkoba wa Nyumbani

Askari aliye lindoni haulizwi angependa kufanya kazi kwa saa ngapi. Lakini katika nyumba nyingi za wanajeshi na polisi wa Tororo na wa Busia, mji uliogawanywa na mpaka, mwenzi wa askari ni mwalimu au muuguzi wa serikali. Huyo aghalabu hufikiria kuomba apunguziwe saa: mtoto ni mchanga, mzazi ni mgonjwa, na mwenye sare yumo zamuni usiku kucha. Mwajiri akiridhia, hubaki swali la fedha zitakazofika nyumbani mwisho wa mwezi.

Wengi hugawanya kwa mbili wakaridhika. Hesabu haiendi hivyo.

Na atazamwe mwalimu wa Tororo ambaye mshahara wake, kwa mfano, ni shilingi 900,000 za Uganda. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2012, shilingi 235,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Zinazofuata hutozwa asilimia 10, kisha 20, na zilizozidi 410,000 hutozwa 30. Mwalimu huyo hukatwa 172,000, akapokea 728,000. Akifanya kazi nusu kwa mshahara wa 450,000, kodi hushuka hadi 37,000, naye hupokea 413,000. Nusu halisi ya fedha alizozoea kupokea ni 364,000. Amezidi kwa 49,000, kwa kuwa fungu lililoondoka ndilo lililobeba kodi nzito.

Furaha hiyo haidumu penye mkopo, na ni watumishi wachache wasio na mkopo. Benki au chama cha akiba na mikopo hakipunguzi madai kwa sababu saa zimepungua. Ikiwa marejesho ni 300,000 kwa mwezi, mwalimu aliyekuwa akibakiwa na 428,000 sasa hubakiwa na 113,000. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya robo, na ndani yake mna chakula na karo.

Ng'ambo ya pili, Busia ya Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ni ngao njema, ila haifuti deni. Mshahara ukipungua, marejesho yaliyokuwa halali jana huweza kuvuka kikomo hicho leo, na mkopeshaji atataka mapatano mapya, yaani miaka zaidi na riba zaidi. Makato ya bima ya afya, asilimia 2.75, na ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, hayatishi sana, maana hupungua pamoja na mshahara.

Lipo pia la uzeeni, ambalo husahauliwa kwa sababu halionekani katika hati ya mshahara wa mwezi huu. Pensheni ya Uganda hutazama mshahara wa mwisho. Aliyekaribia kustaafu hapaswi kuugusa mshahara huo kwa pupa. Kenya ilianza mfuko wa kuchangia Januari 2021, polisi wakiwamo: mtumishi aliyetimiza miaka miwili mfukoni hutoa asilimia 7.5, serikali 15. Mshahara ukigawanywa, mafungu yote mawili hugawanyika.

Kwa mwenye mkopo uliobakiza miezi minane, yawezekana jibu ni kungoja miezi minane.