Wafanyakazi Wakigoma, Halmashauri Iseme Nini?

Natumaini mmekwisha kaa kikundi kikundi, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Somo letu la leo ni juu ya mgomo. Hatutauliza nani ana haki na nani hana. Tutauliza jambo jingine: wafanyakazi wakigoma, halmashauri iwaambie nini wananchi?

Kwanza tujue maana ya neno lenyewe. Mgomo ni wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja ili mwajiri asikilize madai yao. Si jambo geni kwetu. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukaifuata reli mpaka miji ya bara. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika. Katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, mtoto wa nchi hii ya Songea. Na mwaka 1960 Kawawa huyo huyo akawa Waziri wa Serikali za Mitaa. Basi mtu mmoja alikaa pande zote mbili za meza. Tujifunze hapo kwamba anayegoma na anayegomewa ni watu wa nchi moja, na mgomo ukiisha watafanya kazi pamoja tena.

Sasa tutazame mgomo wa karibu zaidi. Jumatatu tarehe 30 Julai 2012, Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo wa nchi nzima. Walimu walidai nyongeza ya mishahara na posho. Mahali pengine wanafunzi waliandamana, wakidai wafundishwe. Alhamisi tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu iliamua kwamba mgomo ule haukufuata sheria, ikawaamuru walimu warudi kazini.

Katika mgomo wa namna hiyo halmashauri hukaa mahali pagumu. Shule za msingi ziko chini yake, lakini mishahara ya walimu hutoka Hazina. Mzazi hajui safari ya fedha hizo. Yeye huijua ofisi iliyo karibu naye, na mlango atakaougonga ni wa halmashauri.

Mfikirie mama mmoja wa Lizaboni. Asubuhi amewavika watoto wake wawili nguo za shule. Jirani anamwambia shule zimefungwa. Mwingine anasema walimu wote wamefukuzwa. Je, awapeleke watoto, au awaache nyumbani na yeye aende shamba? Mama huyu hahitaji hotuba. Anahitaji habari ya kweli, tena mapema.

Nimetunga matangazo mawili kwa ajili ya somo hili. Mwalimu wenu awasomee polepole.

Tangazo la kwanza: "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba hali ni shwari. Hakuna mgomo. Puuzeni maneno ya wachochezi."

Tangazo la pili: "Leo Jumatatu walimu wengi hawakufika kazini. Watoto watakaofika shuleni watasimamiwa mpaka saa 6 mchana, kisha watarudi nyumbani. Mishahara hupangwa na Serikali Kuu, halmashauri haiwezi kuibadili. Madai ya fedha za uhamisho yaliyo kwetu tunayahakiki. Kesho saa 2 asubuhi tutatoa habari nyingine. Mwenye swali amwone mtendaji wa kata."

Mama yetu akilisikia tangazo la kwanza, atawapeleka watoto. Saa 3 wanarudi hawajafundishwa. Atajua kwamba amedanganywa. Na mwezi ujao, halmashauri ikitangaza kwamba kuna kipindupindu na maji yachemshwe, mama huyu atasema, "Ni wale wale." Hapo uongo wa siku ya mgomo utaweza kuleta msiba nyumbani mwa mtu. Imani ya wananchi ni kama akiba ya mahindi ghalani: ikiliwa yote siku moja, msimu wa njaa hutaiona.

Tangazo la pili halikumpendeza kila mtu, lakini lilifanya mambo manne. Lilisema lililotokea. Lilimwambia mzazi afanye nini. Lilitenga lililo juu ya halmashauri na lisilo juu yake. Tena lilitaja saa ya habari nyingine, ili watu wangoje tangazo badala ya kuokota uvumi.

Angalieni pia lile ambalo halikusema. Halikuwatukana wagomaji. Neno "wachochezi" huchukua dakika moja kulitamka, lakini mwalimu atalikumbuka miaka mingi. Tena halikuahidi fedha. Wahenga walisema, ng'ombe hufungwa kwa pembe, mtu hufungwa kwa ulimi. Halmashauri ikiahidi kulipa Ijumaa na Ijumaa ikapita, mgomo wa pili utakuwa mkali kuliko wa kwanza.

Jambo la mwisho ni msemaji. Diwani akisema hivi sokoni, na ofisa akisema vile redioni, wananchi watamwamini nani? Achaguliwe mmoja wa kusema, na wengine wote warudie lile lile: mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu. Na wafanyakazi wenyewe waambiwe kwanza. Ni aibu mtu kuisikia habari ya mshahara wake kutoka kwa muuza nyanya.

Wananchi nasi tuna wajibu. Tukisikia habari, tuulize: nani kasema, lini, na ameandika wapi? Ninyi sasa mnajua kusoma. Tangazo likibandikwa ukutani, lisomeni wenyewe, msingoje kusomewa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini tangazo la kwanza ni baya, hata kama aliyeliandika alitaka amani?
2. Wafagiaji wa soko wakigoma, wauzaji na wanunuzi watahitaji kujua mambo gani?
3. Andikeni tangazo la mistari mitano juu ya mgomo huo. Msimtukane mtu, wala msiahidi msichokuwa nacho.

Andikeni maneno haya daftarini: mgomo, madai, mwajiri, uvumi, msemaji, tangazo.