Hotuba Juu ya Moyo Unaoruka Pigo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Pwani, katika mkutano wa mwisho wa mwezi)



Leo hatukuja kunena juu ya mshahara. Tumekuja kunena juu ya moyo, tena si moyo wa ushujaa, bali huu wa nyama ulio kifuani. Mtatuwia radhi, maana sisi si madaktari. Tu watu wa gengi, kazi yetu ni reli, mataruma na kokoto. Lakini jambo hili limetupata wenyewe, na tuliyojifunza tumeona si haki kuyaweka mfukoni.

Mnajua kwamba reli haifiki Kilifi mjini wala Malindi. Wengi wetu nyumbani ni huko, na kazini ni Mazeras, Mariakani, Miritini na kuendelea bara. Twalala kambini, twala tupatacho, na kurudi kwa watoto ni mwisho wa mwezi. Mtu aishiye hivyo akiumwa, hana mke wa kumtazama wala mama wa kumwuliza. Hunyamaza tu.

Basi katika gengi letu tulikuwa watatu tulionyamaza. Kila mmoja alikuwa akisikia moyo wake unapiga vizuri, mara unasita, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, kisha unapiga kishindo kimoja kikubwa hata koo likashtuka. Siku nyingine mara moja kwa saa, siku nyingine kila baada ya mapigo matano au sita, usiku kucha. Wala hapana aliyemwambia mwenziwe.

Kwa nini tulinyamaza? Kwa sababu tulikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni ya kufa. Ya pili, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, ni ya kufukuzwa kazi. Tulikuwa tumesikia habari ya kibarua wa kontrakta mmoja aliyesema tu, "Moyo wangu wanisumbua," na asubuhi yake nyapara akamwambia hana kazi tena. Hakupimwa, hakuandikiwa barua. Basi kila mmoja wetu akasema moyoni, bora kufa nikiwa kazini kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu.

Usiku mmoja baada ya zamu ndefu, mmoja wetu aliinuka kitandani akashika kifua. Mwenziwe akamwuliza, "Kaka, una nini?" Akajibu, "Moyo umekosa pigo." Yule akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata wangu." Na wa tatu, aliyekuwa amejifunika shuka kama aliyelala, akasema, "Hata wangu, mwaka wa pili huu." Ndugu zangu, tulicheka, na tulikuwa karibu kulia. Mwisho wa mwezi tukafanya shauri moja: twende hospitali wote watatu.

Sasa sikilizeni tulivyofahamishwa, nasi tutaeleza kwa lugha ya reli.

Moyo hupiga mara kama 100,000 kwa siku moja. Ndani yake, upande wa juu, mna mahali padogo ambapo ni kama ofisi ya stesheni masta. Hapo ndipo itokapo amri, nayo ni umeme mdogo sana, na moyo wote hupiga kwa amri hiyo. Lakini mara kwa mara sehemu nyingine ya moyo hujiamulia, ikatoa amri yake kabla ya wakati. Ni kama garimoshi lililoondoka bila ruhusa. Hilo ndilo pigo la ziada. Kwa kuwa limekuja mapema, moyo haukupata nafasi ya kujaa damu, kwa hiyo pigo hilo ni dogo, pengine mkono hauwezi kulisikia. Kisha moyo hungoja kidogo, nao hujaa kuliko desturi. Pigo lifuatalo ndilo lile la kishindo. Basi tulilodhani ni moyo kusimama, sivyo. Ni moyo kutangulia, kungoja, na kurudi katika njia yake.

Tena tulijifunza kwamba jambo hili ni la watu wengi. Watu wazima wenye afya wakifungwa kipimo cha moyo kwa siku nzima, kama nusu yao au zaidi huonekana wana mapigo ya ziada, na wengi hawana habari. Usiku tunayasikia zaidi kwa sababu kumetulia, na tukilalia ubavu wa kushoto moyo unakaribia mbavu.

Yupo daktari mmoja wa zamani ambaye yafaa wafanya kazi wamjue. Jina lake James Mackenzie, na alikuwa akitibu watu katika mji wa Burnley, Uingereza, mji wa viwanda vya nguo. Wagonjwa wake wengi walikuwa watu wa viwandani, watu kama sisi. Siku zile mtu mwenye mapigo yasiyo sawa aliogopeshwa sana, akaambiwa asifanye kazi. Mackenzie hakukubali maneno ya hofu tu. Aliwaandika wagonjwa wake, akawafuata mwaka baada ya mwaka, akaona kwamba wengi wenye mapigo ya ziada waliendelea kuishi na kufanya kazi bila madhara. Mwaka wa 1908 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya moyo. Na mashine ya kupima umeme wa moyo tuliyowekewa kifuani ilitokana na kazi ya Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1924.

Tukirudi kwenye habari zetu. Mashine ile hupima muda mfupi tu, na mioyo yetu siku hiyo ilikaa kimya kama mtoto mbele ya mwalimu. Kwa hiyo tulipelekwa Mombasa kufungwa kipimo kidogo cha kuvaa kwa saa 24, kisha moyo ukapigwa picha kwa mawimbi ya sauti, kama wapimwavyo akina mama waja wazito. Wawili wetu tulionekana tuna mapigo ya ziada mengi, mmoja zaidi ya 6,000 kwa siku, lakini mioyo yenyewe ni mizima. Daktari alituambia, "Haya ni ya kuishi nayo, si ya kufa nayo." Alitueleza pia kwamba mapigo ya ziada yakifika kama sehemu moja katika kumi ya mapigo yote ya siku, yaweza baada ya muda mrefu kuudhoofisha moyo. Kwa hiyo mwenye mengi arudi kupimwa kila alipoambiwa, na dawa zipo kwa anayezihitaji.

Lakini ndugu yetu wa tatu hali yake ilikuwa nyingine. Yeye alikuwa amewahi kuanguka na kuzimia njiani akiwa na nyundo mkononi, akatuambia ni jua. Tulimwamini. Picha ilionyesha mlango mmoja ndani ya moyo wake umeharibika, kwa ugonjwa wa utotoni uanziao kooni, usipotibiwa huvimbisha viungo na kula moyo. Leo anatumia dawa, anahudhuria kliniki, na amepewa kazi nyepesi stoo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alifichua kabla ya kuumbuliwa, na sababu ni mazungumzo ya usiku mmoja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hatusemi kila moyo unaoruka ni salama, wala hatusemi kila mmoja ni kaburi. Twasema upimwe. Nazo dalili za kutongoja mwisho wa mwezi ni hizi: kuzimia, hasa ukiwa katika kazi nzito, maumivu au uzito kifuani, kukosa pumzi, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio usikome, au kama katika jamaa yenu kuna vijana waliokufa ghafula. Mwenye moja katika hizo aende leo. Na ikiwa ni dereva au mtu wa ishara, aseme kabla ya kupanda zamu, maana akizimia yeye, wanaoumia ni abiria.

Kwa wale walioambiwa moyo ni mzima, yapo mambo ya kusaidia. Kwanza ni usingizi. Zamu ya usiku ikifuatwa na ya mchana huamsha mapigo haya kuliko chochote tulichoona. Pili ni maji. Jua la Mariakani mnalijua, na jasho huondoka na chumvi ambazo moyo unazihitaji. Dafu moja kwetu si anasa, lina chumvi iitwayo potasiamu, ila mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza. Tatu, kila mtu ajichunguze kwa kahawa tungu. Wengine haiwadhuru, wengine vikombe vitatu vya jioni ni usiku wa vishindo. Acha juma moja, utajua. Mnazi nao ni hivyo hivyo, na sigara hazina faida kabisa.

Nne ni muguka na miraa. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walitangaza kupiga marufuku muguka, na mabishano yakafika mahakamani. Sisi hapa hatutaki kuingia katika mabishano hayo. Twasema tu yale tunayoyajua mwilini: jani lile huamsha moyo na kuondoa usingizi, na mwenye moyo unaoruka akitafuna ili amalize zamu mbili, anaupiga mjeledi punda aliyechoka.

Wengine watasema, hilo ni pepo, au ni presha tu, maana kwetu kila la moyo huitwa presha. Mwenye kutaka dua na aombewe, hatumkatazi. Lakini apimwe pia.

Sasa tuje kwenye haki, maana hiyo ndiyo hofu iliyotufunga midomo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, apewe siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Sheria hiyo hiyo yasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya udhaifu wa mwili, hana budi kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenziwe, au mjumbe wa chama, pale pale asikilizwe. Yule kibarua tuliyemtaja hakujua hilo. Nasi hatukulijua. Leo hapana mwanachama hapa wa kusema hakulisikia.

Basi twaleta maombi matatu mbele ya mkutano. La kwanza, kila gengi liwe na mtu mmoja wa kuambiwa siri ya ugonjwa, aitunze, na amsindikize mwenziwe hospitali. La pili, mjumbe wetu asimwache mwanachama aingie peke yake ofisini kwa shauri la afya. La tatu, chama kizungumze na wakubwa juu ya zamu mbili mfululizo na maji ya kunywa njiani.

Mioyo yetu sisi wawili bado yaruka. Usiku wa jana iliruka. Tofauti ni kwamba sasa twageuka ubavu wa pili, twalala, na asubuhi twaenda kazini.

Umoja ni nguvu.