KODI YA VIWANJA NA SHULE ZA WATOTO WETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa masomo ya chama)



Nimeombwa niseme juu ya kodi ya viwanja na majengo inayotozwa na serikali za mitaa, na kama yafaa irekebishwe ili shule zipate fedha. Huenda mtu akasema, "Mimi ni mpangaji, sina kiwanja, neno hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Kodi hiyo ikipandishwa, mwenye nyumba atajaribu kuitafuta katika pango la chumba chako. Isipopandishwa, fedha zitatafutwa katika karo. Kwa njia yo yote, mfuko wako umo ndani.

Kwanza tufahamu hesabu yake. Mambo ni mawili: thamani ya mali, na kiwango kinachotozwa juu ya thamani hiyo. Anayetazama kiwango peke yake ameona nusu tu. Nitatoa mfano wa kweli kutoka mji wa San Antonio, jimbo la Texas, Marekani. Huko kila wilaya ya shule hutoza kodi kwa nyumba na viwanja vilivyomo, kwa ajili ya shule zake.

Katika mwaka wa masomo wa 1967-68 wilaya ya Edgewood, iliyokuwa ya wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Meksiko, ilitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani. Wilaya ya Alamo Heights, yenye watu wa nafasi, ilitoza senti 85 tu. Basi nani alipata zaidi? Baada ya kila moja kutoa sehemu yake katika mpango wa jimbo, Edgewood ilipata dola 26 kwa kila mtoto, na Alamo Heights dola 333. Sababu ni hii: mali ya Edgewood, ikigawanywa kwa watoto wake, ilikuwa dola 5,960 kwa mtoto mmoja, na ile ya Alamo Heights ilizidi dola 49,000. Maskini alijikamua zaidi, akapata kidogo zaidi.

Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa Edgewood walitoka madarasani wakaandamana kwa sababu ya majengo mabovu na upungufu wa walimu waliohitimu. Mwaka huo huo wazazi wakaenda kortini. Aliyetajwa wa kwanza katika kesi alikuwa Demetrio Rodriguez, mfanyakazi kama sisi, fundi wa mabati katika kituo cha ndege za kijeshi.

Mwaka 1973 wazazi walishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Walio wengi walisema kwamba katiba ya nchi ile haikutaja elimu kuwa haki. Kati ya wale wanne waliopinga alikuwamo Thurgood Marshall, ndiye yule aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960.

Watu wa Edgewood hawakulala. Walirudi katika korti za jimbo lao, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Texas ikaamua, bila hata jaji mmoja kupinga, kwamba mpango ule ulivunja katiba ya jimbo. Mwaka 1993 ikatungwa sheria kwamba wilaya zenye mali kupita kipimo zitoe ziada isaidie nyingine. Hesabuni wenyewe: miaka 25 tangu watoto wale walipotoka madarasani.

Sasa turudi kwetu. Zamani halmashauri za kaunti ziliendesha shule za msingi, mpaka serikali kuu ilipozichukua mwaka 1970, isipokuwa katika manispaa. Katiba ya 2010 imetupa jambo ambalo Rodriguez alilikosa: Ibara ya 53 yasema elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, ni haki ya kila mtoto. Shule za msingi na za sekondari ni kazi ya serikali kuu. Shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni kazi ya kaunti, na kaunti ndiyo yenye kutoza kodi ya viwanja. Kwa hiyo mtoto wa kwanza kuumia kodi hiyo ikienda kombo ni yule mdogo kabisa.

Nairobi ilitumia hesabu ya thamani ya mwaka 1982 kwa muda wa karibu miaka 40. Katika hali kama hiyo, hata kiwango kikipandishwa, mwenye kiwanja kilichopanda bei sana hulipa sawasawa na yule ambaye chake kilipanda kidogo. Hiyo si haki.

Basi natoa mashauri matatu. La kwanza, thamani ipimwe upya kwa wakati wake, kabla ya kuongeza kiwango. La pili, fedha ziwekwe katika chungu kimoja cha kaunti na kugawanywa kwa hesabu ya watoto. Muthaiga na Mathare ni majirani. Kila mtaa ukila cha kwake tutakuwa tumejenga Edgewood hapa hapa. La tatu, mzee mwenye nyumba yake lakini hana mshahara alindwe. Huko Texas, mwenye nyumba akifika miaka 65, kodi ya shule juu ya makao yake huwekewa kikomo.

Ndugu zangu, sheria za kodi za kaunti hazipitishwi kabla wananchi hawajaitwa kutoa maoni. Siku hizo wenye viwanja hufika na mawakili wao. Wapangaji nao wafike. Naomba kila tawi lijadili mashauri haya, liyakubali au liyakatae, na kuchagua watu wawili wa kwenda kusema.