Ghala ya Gesi ya Magari: Tuchague Ipi?



Mwezi wa Mei 2021 serikali za Kenya na Tanzania zilipatana juu ya kuleta gesi asilia Mombasa kwa bomba kutoka Dar es Salaam. Huko Dar es Salaam gesi ilianza kufika kutoka Songo Songo mwaka 2004, na kutoka Mtwara mwaka 2015, na leo magari na bajaji huendeshwa nayo. Maswali yetu ni heri tuyaulize kabla gesi haijafika kisiwani.

Swali kubwa ni ghala. Sisi wa reli twaujua upepo wa breki: kwa kawaida haufiki paundi 150 kwa inchi ya mraba. Gesi ya magari huwekwa kituoni kwa paundi 3,600 hivi. Chombo kikipasuka kwa nguvu hiyo, wa kwanza kuumia ni mfanyakazi anayejaza.

Vyombo ni vya namna tatu. Kwanza, mitungi midogo ya chuma iliyofungwa pamoja. Bei yake ni nafuu, na mmoja ukiharibika hubadilishwa peke yake. Lakini kila mtungi una vali na maungio yake, na gesi huvujia kwenye maungio. Pili, mapipa marefu ya chuma, machache. Maungio ni machache na ukaguzi ni mwepesi, ila ni mazito, yahitaji winchi na msingi imara. Tatu, mitungi ya plastiki iliyozungushiwa nyuzi za kaboni. Ni myepesi, haili kutu, lakini ni ghali, na ikigongwa yaweza kudhoofika ndani bila kuonekana vizuri kwa nje.

Tena, ghala isiwe chumba kimoja. Nguvu ikishuka, gari la nyuma halijai ingawa gesi ingalipo. Kwa hiyo vyombo hugawanywa mafungu matatu: gari huanza kwa fungu lenye nguvu ndogo, kisha la kati, na humalizia kwa lenye nguvu nyingi.

Kwetu hewa ya chumvi hula chuma, na viwanja ni vidogo. Maoni yetu ni haya: kituoni yawekwe mapipa marefu, yapakwe rangi na kukaguliwa, mitungi myepesi iachiwe malori yatakayovuka Makupa, kwa kuwa lori hulipia kila ratili ya chuma. Katika vichochoro vya Mji wa Kale isiwekwe ghala yo yote.

Na tudai mambo matatu. Vyombo vipimwe kwa maji kwa muda uliowekwa, kama boila za garimoshi zilivyopimwa, na cheti kibandikwe mahali pa wazi. Paa la kituo liwe na matundu juu, kwa sababu gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, hupanda; si kama gesi ya kupikia inayotambaa chini. Na kila mfanyakazi afundishwe kufunga vali kuu kabla ya kupewa kazi.

Bei ya chombo hulipwa na tajiri. Upungufu wake hulipwa na sisi.